Kompyuta Iliyohema Wiki ya Matanga

Kwetu Manyatta mtu akifa huwa malaika hata kabla hajazikwa. Chukua programu yoyote ya mazishi uisome: marehemu alizaliwa katika familia ya Kikristo, alipenda watu wote, hakuwahi kugombana na mtu. Alaa! Na wale waliokuwa wakifukuzana na panga kwa sababu ya mpaka wa shamba la kahawa walitoka sayari gani? Mzee wangu aliudharau sana uongo huo. Miezi miwili kabla ya kufa aliniita kando ya kitanda, akaniambia niwashe simu nimrekodi, maisha yake atayasimulia mwenyewe. Akasimulia dakika arobaini, akikohoa katikati. Niliihamisha sauti ile kwenye kompyuta ya nyumbani, na nilifanya la maana, kwa sababu simu yenyewe baadaye ilitumbukia katika choo cha shimo na hakuna aliyejitolea kuifuata.

Alipofariki, kazi ya kuandika wasifu ikawa yangu. Mimi ni mwalimu wa hesabu, lakini kijijini mwalimu ni mwalimu. Ndugu yangu mkubwa, mfanyabiashara wa miraa kule Maua, akawa mwenyekiti wa kamati ya mazishi, yaani mtu wa kupiga simu na kuharakisha wenzake. Mazishi yalikuwa Jumamosi. Mwenye kuchapisha programu mjini Embu alitaka maandishi Alhamisi kabla ya saa sita. Jumatatu asubuhi nikaketi sebuleni, nikafungua sauti ya mzee nimwandike neno kwa neno. Mzee akasema, "Mimi ni... ni... ni..." na kompyuta ikakwama.

Feni ilikuwa inanguruma kama posho mill inayosaga mahindi. Nikafungua ile orodha inayoonyesha kila programu inakula kiasi gani. Prosesa: asilimia mia. Nani anaila? Programu ya sauti na programu ya kuandikia, basi. Kazi mbili ambazo mashine ile ile ilizifanya mwezi uliopita huku imesinzia! Nikafunga kila kitu. Nikafuta michezo ya watoto. Nikaizima, nikaiwasha. Ilikaa sawa dakika chache, kisha ikarudia ukorofi wake, halafu ikajizima yenyewe, pap. Nilijaribu kuinakili sauti kwenye flashi, ikajizima kabla ya kufika nusu.

Jumanne akaja shemeji yangu, mume wa dada, anayefanya kazi ofisini Embu na anayevaa kitambulisho cha kazi shingoni hata akija matangani. Alikunywa chai vikombe viwili kwanza. Kisha akakisogeza kile kipanya huku na huku, akatikisa kichwa kama daktari anayetangaza msiba wa pili.

"Mwalimu, hii ni virusi."

"Virusi gani?"

"Ile mbaya."

Debe shinda haliachi kutika. Kasha lenyewe la kompyuta hakuligusa hata kwa kidole. Dawa, akasema, ni kufomati: atafuta kila kitu kilichomo, aipakie upya ofisini kwake. Nikamuuliza, na sauti ya mzee je?

"Si utaandika tu ile ya kawaida? Watu wote huandika ya kawaida."

Nilimtazama mpaka akaomba kikombe cha tatu.

Wakati huo wote mama alikuwa ameketi kando yangu kwenye kiti cha mzee, akipokea wanaokuja kumpa pole. Nyumba ilikuwa imejaa vitambaa vyake vya kufuma. Kwetu kitu chochote kisichotembea huvishwa kitambaa: viti, redio, televisheni, chupa ya chai, na bila shaka kasha la kompyuta. Vitambaa hivyo nimevicheka tangu utotoni. Kila nikitaka kuwasha mashine huinua pembe moja ya kitambaa, nabonyeza, naiachilia. Wiki hiyo nilikuwa sina hata subira ya kucheka.

"Mama, achana na hivi vitambaa! Hii ni matanga, si harusi."

Nilipotoka kwenda kuwapanga vijana wa kuchimba kaburi, mama akakinyoosha tena vizuri kitambaa cha kompyuta.

Ndugu yangu alipiga simu mara ngapi, sijui. "Hiyo wasifu imefika wapi? Hata sasa? Andika alipenda watu wote, tumalize!" Jumatano alasiri nikaishiwa nguvu. Sauti ilikuwa inatoa neno moja kila dakika, halafu giza kwenye skrini. Nikamwambia shemeji aje asubuhi achukue mashine akafanye anavyotaka. Nikatoa kalamu, na mimi, niliyekuwa nawasimanga wengine wote, nikaandika kwa mkono wangu: *Marehemu alipenda watu wote.* Niliona aibu kuisoma sentensi hiyo. Mzee alikuwa amenipa kazi moja tu maishani mwake ambayo hakunigombeza nayo, na hiyo ndiyo nilikuwa naiua.

Alhamisi asubuhi kulikuwa na ukungu na baridi ile ya Julai inayoingia mpaka kwenye meno. Shemeji alikuwa nje, ndani ya gari, akipiga honi. Nilikuwa nimeiwasha kompyuta tena alfajiri kwa jaribio la mwisho; nikaizima, nikachomoa nyaya. Nikavuta kitambaa ili nilibebe kasha, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo nikakiondoa chote.

Chini yake kulikuwa na sweta ya mzee. Ile ya kahawia, yenye viwiko vilivyotiwa viraka. Ilikuwa imelifunika kasha juu na nyuma, imeziba barabara matundu ya feni, mikono yake imefungwa fundo ubavuni, mahali nisipopaangalia. Niliigusa, ilikuwa moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi.

"Ebo! Mama! Nani ameweka hii kitu hapa?"

"Ni mimi, baba," akasema kwa Kiembu. Mimi ni mtoto wa pili, nimebeba jina la baba yake, kwa hivyo huniita baba, hata nikimfokea.

"Kwa nini?"

"Ile siku uliiwasha kututafutia picha ya mzee, niliisikia ikihema. Alikuwa akihema hivyo usiku wa mwisho. Nikaona ni hii baridi. Nikaifunika." Akalifungua fundo la mikono ya sweta, akaivuta kwake. "Halafu ikazidi. Nikaifunga vizuri zaidi."

Nyani haoni kundule. Siku tatu nilikuwa nikimdharau shemeji kwa kutoligusa kasha, na mimi mwenyewe, mwalimu, kazi yangu ilikuwa kuinua pembe ya kitambaa. Mashine ilikuwa inapikwa, kwa hivyo ilijipunguzia mwendo isiungue, na kazi ndogo ikawa mlima. Hakukuwa na virusi wala nini. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nikafungua dirisha, nikampigia shemeji kelele aende zake kazini, na honi yake aende nayo.

Nikaliacha kasha lipoe. Niliporudisha nyaya na kuwasha, prosesa ilipanda kidogo, ikashuka, ikatulia chini kabisa. Feni ikapungua, ikapungua, mpaka ukawasikia kuku nje.

Mama akasimama ghafla, sweta kifuani.

"Imenyamaza," akasema.

"Imepona, mama."

"Hata yeye alinyamaza hivyo."

Nikabonyeza sauti. Haikukwama. Mzee akakohoa, akasafisha koo, akaanza.

"Mimi nilikuwa mkaidi, na msiwadanganye watu. Andika hivyo."

Akaendelea mbio kama kawaida yake, hasubiri mtu. Nikachana ile karatasi ya jana, nikaanza kumkimbiza kwa vidole viwili. Mama akaketi tena kwenye kile kiti, akaitandaza sweta mapajani, akainama kuelekea kwenye kipaza sauti kidogo cha kompyuta, ilikotoka sauti ya mzee.

"Sema polepole," akamwambia. "Mtoto anaandika."