Waliorudi Mikono Mitupu

Kama hukuwahi kugombezwa na Bi Rejesta, basi hukuwahi kuumwa. Miaka ishirini na miwili alikaa kwenye kidirisha cha zahanati ile, mezani penye mguu mmoja wa tofali, akiandika jina, umri, ugonjwa na dawa ya kila aliyepita mbele yake. Ulimi wake haukuwa na breki. Aligombeza wauguzi wachelewaji, na siku moja alimgombeza diwani aliyejifanya hana muda wa foleni. Diwani alikaa kwenye benchi mpaka zamu yake ikafika.

Rejesta yake ilikuwa safi, na usafi huo ulikuwa na sababu. Mwaka mmoja alikuja mkaguzi, akakuta majina mengi ya wagonjwa ambayo safu yake ya dawa iko tupu. Hakuuliza kama dawa zilikuwa zimeisha. Aliuliza nani kaziuza. Mfamasia wa watu akasimamishwa kazi miezi mitatu bila kosa lolote, na aliporudi, mganga mkuu wa zahanati akatoa amri: asiyepewa dawa asiandikwe. Wote waliafiki. Bi Rejesta naye aliafiki, tena kwa mikono miwili, maana nani anataka kuitwa mwizi?

Kaka yake, fundi muashi aliyeacha kazi magoti yalipokataa ngazi, alikuwa na presha. Kila mwezi alikuja kwa miguu, akapanga foleni kama watu wengine, akafika dirishani.

"Kaka, zimeisha. Njoo Alhamisi."

"Hizi Alhamisi zako, mdogo wangu, zingekuwa vidonge ningeshapona zamani."

Walicheka. Bi Rejesta akamwambia akanunue kwenye duka la dawa, hata pesa atampa yeye, mzee akakataa katakata. Kila mfuko wa saruji alionunua maisha yake yote ulikatwa kodi, alisema, na kodi hiyo ndiyo ya dawa, sasa anunue mara ya pili kwa nini? Bi Rejesta alijua ana haki. Akamwita anayefuata, na kalamu yake haikuandika kitu.

Mgao wa robo mwaka ulipokuja na kikasha kimoja tu cha dawa za presha, mama wa watu alipandwa na mori. Alimng'ang'ania mganga mkuu mpaka wakaenda wote wawili makao ya wilaya. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Alitaka kumjua huyo anayekaa chini ya feni na kuamua watu wafe.

Bwana mipango, ofisa anayegawa dawa za wilaya, hakukasirika. Aliwakaribisha viti, akageuza kompyuta waone vizuri anachosema.

"Mama, serikali inakusanya kodi, inatenga fungu la dawa, halafu fungu linagawanywa kwa vituo kufuata idadi ya wagonjwa. Sisi huku hatuwaoni watu. Tunaona rejesta zenu. Kituo chenu kilikuwa na wagonjwa wa presha mia na sitini. Ikaja tisini. Sasa thelathini na wanane. Tukajua mmewatibu vizuri, hata kwenye ripoti tumewapongeza."

Bi Rejesta alitazama zile namba, akazifuata kwa kidole moja baada ya nyingine. Dawa zikipungua, watu wanarudi mikono mitupu. Wakirudi mikono mitupu, hawaandikwi. Wasipoandikwa, wilaya inapunguza dawa tena. Na aliyewaacha nje ya kitabu, mmoja mmoja, ni yeye, na mwandiko wake mzuri.

Wakiwa njiani kurudi alimwakia mganga mkuu. "Ulijua?"

"Ulitaka tufungwe?"

"Nimekuuliza ulijua?"

Mganga mkuu alitazama nje. Hilo lilimtosha kuwa jibu. Alikuwa na hasira naye, na mkaguzi, na bwana mipango na pongezi zake za kipuuzi. Zaidi ya wote alikuwa na hasira na yule mwanamke wa dirishani aliyejisifu kwa rejesta safi.

Kesho yake aliandika kila aliyekuja. Kwenye safu ya dawa akaandika kwa herufi kubwa: HAKUPATA. Kufika saa nne, ukurasa ulikuwa umejaa. Mganga mkuu akaja kusimama nyuma yake.

"Futa hayo."

"Nifute mimi kwanza."

Alikuwa bado anaandika wifi yake alipoingia mbio, kanga moja begani. Kaka ameanguka bafuni, wamempeleka hospitali ya wilaya. Bi Rejesta aliacha kalamu wazi juu ya kitabu.

Alimkuta kitandani, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelala kama si wake. Daktari wa zamu alikuwa ameshika faili lenye kumbukumbu za zahanati.

"Mara yake ya mwisho kituoni ni miezi minane iliyopita," alisema. "Mzee, dawa za presha hazikatishwi. Mnazembea, halafu mnatujazia vitanda."

Kaka alijaribu kusema. Yakatoka mate tu. Akamtazama mdogo wake, amsemee.

"Hakuzembea," Bi Rejesta alisema. "Alikuja kila mwezi. Kwa miguu."

"Mbona hayumo humu?"

Hasira aliyokuja nayo ilikosa mtu wa kumwangukia. "Kwa sababu sikumwandika."

Daktari alimtazama kama mtu aliyechanganyikiwa na msiba, akamshika bega kidogo, akaliweka faili kitandani na kwenda kwa mgonjwa mwingine. Lilikuwa limeandikwa tayari: mgonjwa alikatisha dawa mwenyewe. Kaka yake alilivuta kwa mkono wa kushoto, akalisoma polepole, maana macho yalikuwa mazima. Kisha akageuza uso wake ukutani.