Wimbo Mmoja wa Vitunguu

Saa tisa na dakika saba alasiri, mpiga gitaa alivuta maiki karibu na mdomo na kuanza wimbo ule. Nilitazama saa yangu ya mkononi kwa mazoea tu, kama ninavyoitazama kila nikiwasha mashine. Tulikuwa kwenye bustani moja ya nyama choma huko Ruiru, mimi na binti yangu, tumeketi meza ya pili kutoka jukwaani. Sikujua kwamba nilikuwa nimeanza kupima kitu.

Ili jambo hili lieleweke inanibidi nirudi nyuma miezi sita, jikoni kwangu Makongeni.

Mimi ni fundi wa mota za umeme katika kiwanda kimoja cha Thika. Shule niliiacha kidato cha pili karo ilipokosekana, na mengine yote nimejifunza kwenye vitabu vya mitumba vinavyouzwa kando ya barabara, nikisoma kwa utaratibu, ukurasa baada ya ukurasa, na kuandika nisichoelewa. Kazi yangu imenifunza kanuni moja ambayo sijawahi kuivunja: mota ikikataa, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha viwili ikazunguka, hutajua ni kipi kilichokuwa kibovu.

Mke wangu alifariki mwaka juzi. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika duka la viungo la familia moja ya Kihindu pale mjini, akipima na kufunga pakiti. Huko ndiko alikotoa mapishi yake ya njahi. Njahi, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe, kwetu ni chakula cha mama aliyejifungua. Huchemshwa, huchanganywa na ndizi mbivu, mambo yakaisha. Yeye aliyapika kwa ukwaju, sukari nguru, masala na vitunguu vingi. Alipika kila Jumapili. Nyumba nzima ilinuka hadi nguo za Jumatatu.

Baada ya mazishi, binti yetu aliendelea kuja kila Jumapili kutoka Ruiru, anakofanya kazi katika maabara ya zahanati. Alikuja, akafagia, akanifulia mashati, lakini hakula. Nilimpakulia wali, akasema ameshiba. Nilimpakulia chapati, akasema amekula njiani. Alikaa kwenye ncha ya kiti kama mgeni anayengoja kuitwa. Kisha akaniambia kwamba amehamishwa na mwisho wa mwaka ataenda Kitale. Ilikuwa mwezi wa sita. Niliamua kwamba kabla hajaondoka ataketi kwenye meza ile na kula njahi za mama yake mpaka sahani iishe. Sikumwambia mtu. Nilinunua daftari la mistari ya miraba, nikaandika tarehe.

Vipimo vya mke wangu havikuwa vimeandikwa popote, ila akiulizwa alikuwa akijibu. Cucu wa mlango wa pili, bibi mjane wa umri wa mama yangu, aliwahi kumwuliza, na alikumbuka jibu neno kwa neno: njahi zilale majini usiku mmoja, maji ya kwanza yamwagwe, masala kijiko kimoja na nusu, vitunguu wimbo mmoja, ndipo nyanya. Binti yangu pia alilikumbuka hilo la wimbo. Mke wangu hakuvaa saa maishani. Wimbo wenyewe niliujua. Ni wimbo wa zamani wa Kikuyu, juu ya mtu aliyekaa mbali sana, anarudi nyumbani na kusalimia mlango mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa nao kwenye simu. Unachukua dakika nne na sekunde hamsini.

Kwa hiyo niliandika: vitunguu, dakika tano. Nikapiga mstari chini.

Sufuria ya kwanza ilikuwa na uchungu. Ya pili nilibadilisha maji. Ya tatu nilibadilisha ukwaju, ya nne nikaacha jiko la gesi nikarudi kwenye makaa. Ya tano nilikwenda Gakoe kutafuta njahi mpya, maana wa sokoni walikiri kwangu kwamba zao zilikuwa za msimu uliopita. Chakula kilikuwa kizuri zaidi kila mara, lakini hakikuwa kile. Kilikuwa chepesi na kikali, kama mtu anayezungumza haraka. Kile cha mke wangu kilikuwa na utamu mzito chini yake, ambao haukutoka kwenye sukari. Nilijua hivyo kwa sababu sufuria ya sita niliongeza sukari nguru, na ikawa uji wa watoto.

Kila iliyoshindikana niliipeleka mlango wa pili. Cucu alikula zote. Alipoiona ya saba, alinitazama kutoka juu ya miwani.

“Baba, leo tena umeniletea mtihani?”

Nikamwuliza amenipa ngapi.

“Thelathini na nane kwa mia. Lakini kuku wangu wamekupa hamsini.”

Nilikwenda pia kwenye lile duka la viungo. Mama mwenye duka, ambaye sasa hukaa tu kwenye kiti karibu na kaunta huku mwanawe akiuza, alinikumbuka. Nilimsomea daftari langu. Alisikiliza kwa heshima, akaniomba nirudie pale pa vitunguu, kisha akasema kwamba vitunguu lazima vichoke. Nikamwuliza vinachoka kwa dakika ngapi. Akacheka kidogo, akasema mke wangu hakuwahi kumwuliza habari ya dakika. Niliandika neno lile, “vichoke”, pembeni mwa ukurasa, nikaweka alama ya kuuliza, na nikaendelea na dakika tano. Dakika tano zilikuwa zimetoka kinywani mwa mke wangu. Nilibadilisha kila kitu isipokuwa hicho.

Binti yangu alionja zote. Kijiko kimoja, wakati mwingine viwili, kwa adabu. Sufuria ya kumi na moja alikiweka kijiko chini, akakisogeza mpaka kikawa sambamba na ukingo wa meza.

“Baba, naomba uache.”

Nilimwambia kwamba nimekaribia, na kwamba imebaki kujaribu masala ya kusaga nyumbani.

“Ukipika hiyo ya Mama halafu isikuwe yake,” alisema, “ni kama tumemzika tena. Kila Jumapili.”

Nilifunga daftari. Baada ya muda akasema, kwa sauti ya kutaka amani, kwamba Jumapili ijayo nisipike, nije Ruiru, kuna mahali pana muziki. Alipotaja mahali penyewe nilipafahamu.

Kabla ya watoto, mimi na mke wangu tulikuwa tukienda bustani ile Jumapili za mwisho wa mwezi. Tuliagiza nusu kilo ya mbuzi na soda mbili. Yeye alicheza. Watu waliposhikana viuno kufanya mugithi, ule mstari mrefu unaozunguka meza kama garimoshi, yeye ndiye aliyekuwa akitangulia, na kila akipita kwenye meza yetu aligonga kitabu changu kwa kidole. Maana mimi nilikuwa nikisoma. Nilikuwa nimepata kitabu cha mota za awamu tatu, na nilihesabu kwamba nikisoma kurasa ishirini kila Jumapili kitaisha kabla ya Pasaka. Kiliisha. Nilipandishwa cheo kwa ajili yake. Leo ningekitoa bure, na cheo juu yake, kwa mzunguko mmoja wa mstari ule.

Basi hapo ndipo tulipokuwa, saa tisa na dakika saba. Mpiga gitaa alikuwa mmoja tu, na gitaa lake, spika mbili na kofia. Aliimba beti za mwanzo kama zilivyo kwenye simu yangu. Zilipokwisha, hakunyamaza. Gitaa liliendelea kuzunguka palepale, na yeye akaanza kusalimia. Alisalimia meza ya kwanza, akataja jina la mzee aliyekuwa pale, kijiji chake, ng'ombe wake. Mzee akainuka na kumwekea noti kwenye kofia. Akaenda meza iliyofuata. Wimbo ni wa kusalimia mlango kwa mlango, na yeye aliigeuza kila meza kuwa mlango.

Hapo nikakumbuka. Mke wangu jikoni alikuwa akiimba hivyo hivyo. Alimaliza beti kisha akaanza kutaja majina: mwenye nyumba, cucu wa mlango wa pili, dada zake mmoja mmoja, watoto, marehemu mama yangu, hata paka. Kutoka sebuleni, juu ya kitabu, nilidhani anacheza tu. Jina langu lilikuwa la mwisho daima. Nilipolisikia nilijua niondoe vitabu mezani.

Binti yangu alikuwa ameandika kitu kwenye karatasi ya kupangusia mikono. Niliisoma kabla hajaikunja: jina la mama yake, na Makongeni. Nilitoa mia mbili mfukoni, akazifunga ndani, akapeleka. Mpiga gitaa aliisoma huku vidole vikiendelea kucheza. Alilitaja jina lile kwenye maiki, akatazama meza yetu, akaona kiti kimoja kina mkoba.

“Huyu mama wa Makongeni yuko wapi?”

Binti yangu alishika mkanda wa mkoba.

“Hajafika? Sawa,” alisema. “Tutamngojea. Hatufungi wimbo kama mtu bado ako njiani.”

Akaongeza ubeti, kisha mwingine, akilitaja jina lake mwishoni mwa kila mmoja na kutazama langoni, na watu wachache wakageuka kutazama naye. Binti yangu aliondoa mkoba kwenye kiti, akauweka miguuni. Alikuwa akilia bila kujifuta. Mimi nilikitazama kile kiti, kisha langoni, kisha, kwa kuwa sikuwa na mahali pengine pa kuweka macho, saa yangu. Wimbo ulikwisha saa tisa na dakika ishirini na tisa.

Dakika ishirini na mbili. Niliomba kalamu.

“Baba, unaandika nini saa hii?” aliuliza.

Nikamwonyesha. Alisoma ile tarakimu, na kwa kuwa ni mtu wa maabara hakuhitaji kuelezwa. Akasema, “Kwa hivyo tulikuwa tunampikia vitunguu mbichi.”

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya mwisho kabla ya Kitale. Niliwasha makaa saa sita, nikakata vitunguu sita vipande vyembamba, nikatia mafuta, nikaweka saa mezani. Dakika ya tano vilikuwa na rangi ya majani makavu. Hapo ndipo nilipokuwa nikisimama mara kumi na moja. Dakika ya kumi vilikuwa vimelala. Nilikuwa nikigeuza mwiko kwa mwendo wa polepole, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini mtu angetaka kuimba pale: hakuna kingine cha kufanya, na huwezi kuondoka.

Mimi siimbi. Ni binti yangu aliyeanza, kutoka sebuleni, kwa sauti ndogo kama anayejaribu mlango kuona kama umefungwa. Alimaliza beti akaanza kusalimia. Alimsalimia mwenye nyumba. Alimsalimia cucu, ambaye aliitika kupitia ukuta kwamba yupo, na kwamba leo mtihani unanuka vizuri. Aliwasalimia mama zake wakubwa, wafanyakazi wenzake wa zahanati, shangazi zake, nyumba yenyewe, Kitale asikokujua. Alimsalimia mama yake katikati ya watu wengine, bila kusimama. Vitunguu vikawa vya rangi ya ukwaju, vikapungua mpaka vikajaa kiganja tu, na ile harufu ikapanda, ile nzito ya chini. Nililazimika kusogea dirishani.

Kisha akafika mwisho, mahali pa jina langu. Mtoto hamtaji baba yake kwa jina. Sisi hatukumlea hivyo. Alinyamaza. Nafasi ile ilibaki wazi, na hakukuwa tena na mtu duniani wa kuijaza.

Nikatia nyanya.

Tulikula saa nane. Aliketi nyuma kabisa kwenye kiti, mgongo ukigusa. Kijiko cha kwanza alikaa nacho mdomoni muda mrefu. Sikumwuliza kitu. Alikula mpaka sahani ikaonyesha maua yake, akafuta ukingo kwa kipande cha chapati, kisha akanisukumia.

“Yake ilikuwa inaungua kidogo,” alisema. “Alikuwa na watu wengi wa kusalimia.”

Nikamwambia nitaliandika hilo.

“Niongeze, Baba.”

Aliondoka Jumanne asubuhi na mabegi mawili na bakuli moja lililofungwa kwa mfuko. Jumapili iliyofuata sikupika. Sufuria ni kubwa kwa mtu mmoja, na kwa kipimo cha nusu yake sijui wimbo wake. Nilifungua daftari, nikapiga hesabu kama ninavyofanya kazi yoyote ikiisha. Sufuria kumi na moja zilizoshindikana, kila moja shilingi mia nne ukihesabu makaa. Nilikuwa pia nimeandika mia mbili za mpiga gitaa chini ya hasara. Nilizitazama kwa muda, nikazikata. Hasara yote ikabaki shilingi elfu nne na mia nne.