Siku Yaya Zuhura Alipofunguliwa Mlango

Enzi zetu pale Kindu, Wabelgiji walipokuwa bado wanatawala Kongo, mtoto hakuomba ruhusa ya kucheza. Jua likichomoza tulikuwa tayari barabarani, miguu imejaa vumbi, tunapiga chungwa bichi kama mpira mpaka lipasuke. Tulikula wali na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, kwa jirani yeyote aliyetangulia kuipua chungu. Wajukuu zangu wakinyang'anywa simu kidogo tu wanalia kwamba wametiwa gerezani. Huwa nacheka, kisha namkumbuka yaya Zuhura, kicheko kinakatika.

Kwetu yaya ni dada mkubwa, na Zuhura ndiye aliyekuwa wetu. Mwili ulikua, akili ikabaki nyuma: maneno yalimjia polepole, kuhesabu hakujua, na jana na kesho kwake zilikuwa kitu kimoja. Lakini kule Kibombo, alikolelewa na koko, mama yake baba, alipalilia mpunga, alichota maji, na kitambaa cha kichwani alichagua mwenyewe, kila mara chekundu. Tulipokwenda likizo tulimkuta anaimba shambani. Siku moja aliungua kidole, mama akapiga kelele. Koko akasema, "Mumuache. Moto umemufundisha."

Koko alipofariki, baba, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, alimleta Kindu. Mwanzoni yaya aliruhusiwa kuvuka njia hadi kwa jirani yetu, Mama Sifa, kumsaidia kutwanga. Alirudi na pumba kwenye nywele, akijisifu kwamba ndiye aliyemaliza kazi: "Leo njo miye nimetwanga yote!"

Asubuhi moja hakurudi. Alikuwa amewafuata wanawake wa sokoni, akapotelea upande wa nyumba za wazungu, ambako mtu mweusi asiye na kazi hakutakiwa kuonekana. Polisi alimwuliza jina la baba yake. Yaya akajibu, "Baba." Akachapwa. Baba alimkuta kituoni amekaa chini, midomo imevimba.

Tangu siku hiyo mlango wa ua ulitiwa kufuli. Mama alimwogesha, alimvalisha, hata nyama alimkatia vipande vidogo. Kisu na moto alikatazwa. Sisi tulipotoka kucheza, yeye alishika matete ya ua akichungulia.

"Na miye?"

"Kesho, mwanangu," mama alimjibu. Na yaya akasubiri, maana hakujua kesho ni lini.

Mama Sifa alikuja kumwombea ruhusa. "Nitamushika mukono miye mwenyewe, kwenda na kurudi."

"Watamuua," baba akasema. "Humu ndani hakuna muntu wa kumupiga."

Ilikuwa kweli, na Mama Sifa akavuka njia kurudi kwake peke yake. Miaka ikapita. Yaya akanenepa, akaacha kuimba, mwishowe akaacha kuuliza.

Uhuru ulipofika, mtaa mzima ulimiminika njiani kwa ngoma. Baba alifungua kufuli.

"Toka, Zuhura. Leo hakuna wa kukuchapa. Enda ucheze."

Yaya alisogea hadi mlangoni, akawatazama watu, kisha akamtazama mama. Akarudi kukaa kwenye mkeka wake. Mama Sifa akamletea kinu na mpunga. Yaya aliushika mtwangio, akaugeuza mikononi, asijue aanzie wapi. Baba akatugeuzia mgongo. Mama akasema kwa sauti ndogo, "Njo siye tumemufanya hivi."

Baada ya hapo mlango haukufungwa tena, wala yaya hakutoka.

Siku hizi Kindu nawaona vijana wa hali yake wamepakiwa pikipiki nyuma ya kaka zao, au wamebeba ndizi sokoni. Wengine hupotea, watu huwarudisha. Wengine bado wamefungiwa ndani, na mama zao wana hofu ileile ya mama yangu, siwezi kuwacheka. Utoto wetu ulikuwa mtamu, sikatai. Ila wazee wenzangu wakianza kusifu jinsi tulivyozurura hadi magharibi bila mtu kutuuliza, mimi hukumbuka ile kufuli ya ua, maana nyumbani kwetu uhuru huo haukuwa wa watoto wote.