Hema Ndani ya Ngitili ya Mzee Maduhu

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi karibu na Maganzo, kwenye machimbo ya almasi, nami nikiwa mwalimu kijana. Niliyoyaona nitayaeleza kuwa niliyaona. Niliyoyasikia nitayaacha yabaki ya kusikia.

Nilisikia kwamba Mzungu mmoja amejificha porini, anachimba almasi kwa mtambo usiotoa sauti. Nilichokiona ni kijana mwenye baiskeli, hema la rangi ya nyasi, na wanaume waliomzunguka wakiwa na fimbo. Alikuwa amelala ndani ya ngitili ya Mzee Maduhu, yaani malisho yanayofungwa tangu masika ili ng'ombe wapate chochote kiangazi kikikaza. Aliona nyasi ndefu zisizo na mtu, akadhani hazina mwenyewe.

"Mfungeni!" mmoja alipaza sauti. "Mashimo kayafukia!"

"Nani kayaona?" akauliza Mzee Maduhu, kisha akanigeukia. "Mwalimu, wewe uliyesoma, hebu kaangalie."

Nikapekua kila kichaka. Sikukuta shimo wala, namshukuru Mungu, jivu, maana cheche moja ingeteketeza malisho yote. Nikasema hivyo, fimbo zikashuka. Wahenga walinena kuwa lisemwalo lipo, pale halikuwapo.

Kijana akajieleza, nami nikatafsiri: "Sikutaka kumsumbua mtu."

"Mwambie amefaulu," mzee akajibu. "Hakumsumbua mtu, kasumbua kijiji kizima! Mgeni anayebisha hodi hupewa kigoda. Anayejificha hupewa jina, na jina lenyewe hachagui yeye."

Watu wakacheka. Akafundishwa "Mwangaluka", salamu yetu ya asubuhi, akaikosea kwa bidii hadi akina bibi wakamwomba arudie. Jioni hema lake lilikuwa uani kwa mzee, kando ya zizi.

Sasa nawe umenunua hema, wataka kwenda Uganda kwa baiskeli. Ni vema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini jifiche mwizi asikuone, usijifiche mwenyeji asikujue. Kabla jua halijazama mtafute mwenye ardhi, msalimu, omba. Ndipo ulale kimya kando ya njia, usiwashe moto nyasini, na upaache kama ulivyopakuta. Mungu akunyooshee njia, akukutanishe na wenyeji wasioamini uvumi.

Na yule kijana? Wapo wasemao alifika Mwanza. Wengine, kwamba siku hizi anafuga ng'ombe kwao. Sijui. Mimi nilimwona kesho yake akishika barabara kuu, jogoo aliyezawadiwa na Mzee Maduhu kafungwa nyuma ya baiskeli, anawika.