Picha ya Mama Akitoka Pangoni

Mama alikuwa amebakiza wiki moja Marekani, na Dada alitaka arudi Morogoro na picha nzuri. Ndiyo maana Jumamosi ile tuliondoka kwa Dada, katika mji wa DeSoto, Texas, asubuhi na mapema, tukaendesha hadi Houston kuona pango lililomo ndani ya hekalu la Wahindu. Si pango la asili. Wamelijenga kwa saruji na mawe kwa kufuata pango takatifu la milimani kwao India, ili asiyeweza kusafiri ahiji hapa. Wageni wa dini nyingine wanakaribishwa, mradi wavue viatu.

"Tunakwenda kutalii tu," Mama alisema njiani, kisha akarudia. Alikuwa na sababu. Mara tu akirudi, kanisani kwake kungekuwa na uchaguzi wa mwenyekiti wa kina mama. Nafasi hiyo ameishika kwa miaka, na safari hii aliyejitokeza kumpinga ni shangazi yetu, dada wa marehemu baba.

Mlangoni mzee mmoja alituonya kwamba ndani hakuna kupiga picha. Dada akatangulia, ili atupige picha tukitokeza upande wa pili.

Njia ilikuwa nyembamba kiasi cha mabega kugusa kuta. Maji baridi yalipita sakafuni, na Mama akakusanya kanga yake kifuani kwa mikono miwili isilowe. Mbele yetu alikuwepo mwanamke wa makamo, amevaa sari. Tulipofika kwenye sanamu ya mungu wao wa kike, alisimama akaanza kulia, midomo ikicheza bila sauti. Hapakuwa na nafasi ya kumpita. Foleni nzima ikasimama nyuma yangu.

Ndipo nikamwona Mama akiinamisha kichwa. Dari pale ilikuwa juu.

Mlango wa kutokea, kinyume chake, uko chini, kila mtu hutoka amekunja mgongo. Mama naye alitoka hivyo, na Dada akapiga picha.

Tulikuwa tunavaa viatu Dada alipomwonyesha simu. "Umetoka bomba, Mama. Nimeshairusha kwenye grupu la familia."

Mama aliisogeza simu mbali na macho ili aone vizuri. Mgongo umekunjwa, mikono miwili iko kifuani, na juu ya kichwa chake yananing'inia mashada ya maua ya hekalu.

"Nani ameiona?"

"Familia tu, Mama."

"Na shangazi yenu si familia?"

Dada akaifuta upesi. Pakabaki maandishi ya kusema ujumbe umefutwa. Nyumbani Morogoro ilikuwa tayari jioni, watu wako na simu mikononi. Shangazi akaandika: "Jamani, mnafuta nini? Mimi nimeshaona. Wifi yangu, siku hizi unasujudu wapi?"

Dada akaanza kuandika. "Ngoja nimjibu dari ilikuwa chini. Si kweli? Hebu sema wewe, ulikuwa nyuma yake."

Wote wawili wakanitazama.

"Mlangoni ilikuwa chini," nilisema.

Mama alinitazama kwa muda. Alijua nilichoona.

"Irudishe hiyo picha," akamwambia Dada.

"Mama! Na uchaguzi je?"

"Irudishe. Sijaiba kitu cha mtu."

Picha ilipokwisha kwenda, Mama alichukua simu, akarekodi sauti, polepole kama anayesoma matangazo ya kanisa.

"Wifi, hujambo. Mlangoni niliinama kwa sababu dari iko chini, na mikono imeshika kanga. Lakini kule ndani niliinamisha kichwa mwenyewe. Kulikuwa na mama mwenzangu analia. Nisingeweza kumsimamia kama askari. Nikamwombea kwa Yesu, kwa sababu ndiye ninayemjua. Kura ni zenu."

Tulisubiri. Shangazi alionekana anaandika, akaacha, akaanza tena. Dada alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Mama hakuitazama simu. Alikuwa anafuta miguu kwa pindo la kanga, kidole kimoja kimoja.

Jibu likaingia. Dada akalisoma kwa sauti ndogo: "Sawa. Nimemsikilizisha mchungaji."

Mama akaingiza mguu kwenye kiatu.

"Vizuri," alisema. "Amesikia kutoka mdomoni mwangu mwenyewe."