Gari Lililozima Kwenye Ukungu wa Marua

Kuna sauti ambayo ikinifikia, hata nikiwa nimechoka namna gani, lazima nigeuze kichwa. Ni sauti ya gari la zamani linalotaka kuzima. Linakohoa kidogo, linajikaza, linanguruma kana kwamba limepata nafuu, halafu linanyamaza kabisa. Wiki iliyopita niliisikia mjini Nyeri nikitoka kazini, miguu ikiniwaka moto. Kijana mmoja alikuwa amenunua gari dogo la mviringo, la aina ile ya injini nyuma, akalipaka rangi likang'aa kama sahani mpya, na sasa lilikuwa limemzimia katikati ya barabara huku wenzake wakimpigia honi. Harufu ya petroli mbichi ikanijia puani. Nikasimama pale na mfuko wangu wa sukuma wiki, nikamkumbuka Baba.

Sisi tulikaa Ruring'u, si mbali na uwanja wa michezo, na tulikuwa na gari kama lile. Baba alikuwa dereva wa lori la mifugo. Alibeba ng'ombe na mbuzi wa wafanyabiashara wa Nanyuki, na siku zake za mapumziko alizimalizia chini ya gari lake dogo, miguu tu ikionekana. Kisha kiharusi kikamshika. Mkono na mguu wa kulia vikafa ganzi, mdomo ukapinda, na maneno yakawa yanatoka polepole, kama ya mtu aliyejaza ugali mdomoni. Wageni hawakumwelewa. Mimi nilimwelewa, labda kwa sababu ndani ya nyumba ile ni mimi peke yangu ambaye sikuwa na haraka.

Mama ndiye aliyezichukua funguo. Alitoa kiti cha nyuma, akaanza kwenda Kagio kununua nyanya na kuja kuziuza sokoni Nyeri. Aliamka kabla ya adhana ya alfajiri, akamwogesha Baba, akamlisha uji, akamgeuza ubavu, akapika chakula cha mchana na kumwachia jirani, halafu ndipo akawasha gari. Jioni alirudi akaanza tena: maji, chakula, dawa, shuka. Mama wa miaka ile, nikimkumbuka, namwona amesimama au ameinama.

Likizo ya Agosti nilikuwa naandamana naye. Niliketi mbele, kreti moja mapajani, harufu ya nyanya mbivu ikiwa imeingia mpaka kwenye nywele. Huko Kagio, kwenye joto, gari lilikuwa halina neno. Taabu ilianza tukishapita Karatina, tukikaribia Marua, wakati ukungu umeshuka hadi kwenye lami na kioo kinatoa machozi. Gari lilikohoa. Mama akikanyaga mafuta, ndiyo kwanza likazidi kukohoa. Lilijivuta hadi kando ya barabara, likazima.

Hapo tulikaa. Mama alishusha mikono mapajani, akaegemeza kichwa, akafumba macho. Hakulaani, hakushuka kuangalia. Baada ya muda alijaribu ufunguo, na gari likawaka vizuri kabisa, kama mtoto aliyekataa kula halafu akaomba chakula.

Fundi wetu aliitwa Mwaniki. Alisafisha kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, akapuliza vitundu vyake kwa mdomo, akabadilisha plagi, akamwaga petroli akidhani ina maji. Kila mara gari lilinguruma vizuri pale kwake.

"Mama Zuhura, hii gari haina shida," alisema siku moja akipangusa mikono. "Labda ni wewe unasahau choki ya kuwashia ikiwa imevutwa."

"Mwaniki, nimesahau vitu vingi," Mama alimjibu, "lakini choki sijasahau."

Jioni hiyo tulizimiwa tena, tukafika soko likifungwa na kreti za chini zimepondeka. Mama alikuwa anamwinua Baba amvalishe shati safi alipomwambia, bila hasira yoyote, "Mwisho wa mwezi naiuza hii gari. Siwezi tena." Baba aligeuza uso ukutani. Nadhani kama Mama angepiga kelele ingekuwa afadhali.

Alipotoka kwenda jikoni, Baba akaniita.

"Zuhura. Inazima ghafla, ama inakohoa kwanza?"

"Inakohoa."

"Moshi je?"

"Inatoa. Mweusi."

"Na huko Kagio, inazima?"

Nikafikiri. "Hapana. Hata siku za jua haizimi. Ni ukungu tu."

Alifumba macho muda mrefu, midomo ikicheza. Nilijua anaendesha gari huko ndani. Kisha akaniambia: kesho ikizima usingoje, toka mbio, fungua nyuma, ushike kabureta kwa mkono. Akanieleza ilipo na kunionya nisiguse chuma kingine chochote, nitaungua.

Kesho yake Marua ilikuwa nyeupe pande zote. Gari lilipozima nikashika kitasa cha mlango. "Baba amenituma niangalie injini."

"Mwambie baba yako mimi nimechoka," Mama alisema, macho yamefumbwa.

Nilishuka. Nilipofungua kifuniko joto lilinipiga usoni. Nikapenyeza mkono taratibu hadi kwenye kabureta, nikiwa nimejiandaa kuungua, na nusura nipige yowe. Ilikuwa baridi kama chuma cha friji ya bucha. Chini yake kulikuwa na ganda jeupe, na nilipolikwaruza kwa ukucha likadondoka, likayeyuka kidoleni.

"Mama! Iko na barafu!"

"Ati nini?"

Alikuja akijifunga leso, akaweka kiganja chake pale pale. Injini ilikuwa inafuka moshi, na kabureta imeganda. Aliacha mkono pale mpaka baridi ikaanza kuisha na matone yakaanza kudondoka, na hapo ndipo tukaelewa kwa nini Mwaniki alikuwa haoni kitu. Kila akifungua, barafu imekwisha kuyeyuka.

Nilipomwambia Baba, upande wake wa kushoto wa uso ulicheka. Sikuwa nimeuona ukicheka tangu augue. Mwaniki aliitwa, akaketi kwenye kigoda kando ya kitanda, kofia mkononi, na mimi nikawa mkalimani. Kuna bomba, Baba alieleza, linalopitisha moshi wa moto chini ya kabureta ili isipate baridi. Hilo limeziba kwa masizi. Chukua waya wa breki kuukuu, uupitishe ukiuzungusha. Mwaniki alirudi siku ya pili mikono ikiwa myeusi mpaka viwikoni. Alisema yalitoka masizi ya kujaza kikombe.

Gari halikuzima tena, na Mama hakuliuza. Baba alianza kula vizuri. Kila jioni alitaka habari, na mimi nilimpa zote: Karatina tulipita hivi, mlima tuliupanda hivi.

Basi jioni moja tulikuwa Marua, ukungu umejaa, injini inaimba bila kasoro. Mama akapunguza mwendo. Akaingia kando ya barabara mahali pale pale petu, akazungusha ufunguo, akazima. Akashusha mikono mapajani.

"Mama, imeharibika tena?"

"Hapana, mama. Nyamaza kidogo tu."

Nilimpelekea Baba habari kama kawaida. "Leo tumesimama tena Marua."

Jicho lake likaamka. "Imekohoa?"

"Haikukohoa. Mama ameizima mwenyewe."

"Akafanya nini?"

"Akakaa."

"Alilia?"

"Hapana. Alikaa tu, amefumba macho."

Baba alifumba jicho hadi nikadhani amepitiwa na usingizi. Kisha akasema, neno moja moja, "Kuanzia kesho, mkifika nyumbani, wewe shuka uingie. Usimwite. Akitaka kukaa ndani ya gari, mwache akae."

"Na wewe ukitaka maji?"

"Nitangoja."

Ikawa hivyo. Gari lilipoingia uani nilikuja peke yangu, nikapanda kitandani kwake. Nje Mama alibaki kwenye kiti cha dereva, kichwa kimeegemea. Wakati mwingine sauti yake ilitufikia, nzito kwa uchovu: "Zuhura, baba yako anataka nini?" Na Baba alinikonyeza kwa jicho lake zima, akaninong'oneza, "Mwambie nimelala." Nikapaza sauti, "Amelala!" huku nikiuma blanketi nisicheke. Niliona ni mchezo wetu wawili, na kwamba tunamshinda Mama kwa ujanja.

Sikuangalia midomo yake ilivyokauka. Sikujiuliza ubavu unamuuma vipi mtu aliyelazwa tangu mchana, au jinsi mchana wenyewe unavyokuwa mrefu kwa mtu anayesikiliza barabara, akingoja mlio mmoja tu. Hayo niliyajua nilipokuja kuuguza mgonjwa wangu mwenyewe, miaka mingi baada ya Baba kutuacha, nikirudi nyumbani jioni na kusimama mlangoni bila nguvu ya kushika kitasa. Hapo ndipo nilipomwelewa Baba: mtu aliyengojea kutwa nzima mkewe aje, akaja, na bado akajifanya amelala.

Mwaka jana nilimfichulia Mama siri hiyo. Alikuwa anachambua mchele, miwani puani. Hakushangaa.

"Nilikuwa najua," alisema. "Dirisha lilikuwa wazi. Nilikuwa namwona ananiangalia."

"Na hukuingia?"

Aliendelea kuchambua, akatoa kijiwe, akakitupa.

"Nilikuwa nimechoka, Zuhura. Na yeye hakuwa na kitu kingine cha kunipa. Ningekikataa vipi?"