Hodi Tatu Sikuzisikia, Lakini Hedfoni Zangu Sizitoi

Admin, jina langu lifiche, mji usiufiche. Garsen wanaonijua watanitambua kabla hawajamaliza kusoma, na waache wanitambue. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, fundi wa kushona nguo, sijaolewa, naishi na mama yangu. Mchumba ninaye, nimwite Athumani ingawa si jina lake. Ana duka hapa mjini, kwao ni Kipini. Ndoa ilikuwa iwe baada ya Ramadhani. Nasema ilikuwa kwa sababu sasa hivi sijui.

Ugomvi ni hedfoni. Zile kubwa za kufunika masikio, si vile vidude vya barabarani vinavyokufa upande mmoja wiki ya kwanza. Nilijinyima karibu mwaka mzima nikazinunua. Nilipomtajia mama bei akauliza, "Na zinapika?" Vijana wa bodaboda wananiita Rubani, nikipita wananiuliza ndege ya Hola inaondoka saa ngapi. Rafiki yangu wa tangu shule aliniambia pesa ile ningenunua mbuzi, wangezaa. Nikamwambia mbuzi haimbi. Najua kuna wanaosubiri niseme kuna kisa cha huzuni nyuma yake, labda marehemu baba aliniachia kanda. Hakuna. Nazipenda tu. Nikizivaa namsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya ubeti, nasikia vidole vya mpiga udi vikiparuza nyuzi. Duka langu limepakana na kinu cha kusaga mahindi, miaka minane nimesikiliza kinu. Kimenitosha.

Athumani mwenyewe alikuwa akija dukani Jumapili, mlango wazi, watu wanapita, anakaa kwenye kibao anazivaa na kufumba macho. Siku moja aliniambia, "Yaani hii nyimbo nimeisikia tangu utotoni, kumbe sijawahi kuisikia." Mara mbili aliziazima akaenda nazo kwake. Siwafichi, siku hizo nilimpenda zaidi.

Basi mwezi uliopita, adhuhuri moja, mama alikuwa sokoni na mimi niko nyumbani napinda nguo ya mteja, nimezivaa. Mlango wazi, pazia limeshushwa. Shangazi zake wawili, ndio waliomlea, wakatoka Kipini bila kuarifu waje kunitazama. Wakapiga hodi. Kwetu hodi ni tatu, usipoitikiwa unageuka unakwenda zako, hakuna ya nne. Walipiga zote tatu. Ingekuwa sipo, lisingekuwa neno. Lakini upepo ulilipeperusha pazia, wakaniona nimekaa mkekani natikisa kichwa. Jirani ndiye aliyeingia kunigusa bega. "Wageni wako wameondoka wamenuna." Nikatoka mbio hata leso sijaifunga vizuri, nikakuta wameshapanda gari.

Kosa ni langu na sikulikataa. Kesho yake nikafuatana na Athumani mpaka Kipini. Nikawaamkia shikamoo, nikaketi chini, nikasema, "Shangazi zangu, niwieni radhi. Sikusikia, na mtu aliyeacha mlango wazi hana ruhusa ya kuziba masikio. Nimekosa." Yule mdogo alishaanza kucheka, akasema mumewe yeye hasikii na hana hata hizo hedfoni. Mkubwa akaniuliza kama nimekula. Mambo yalikuwa yamekwisha. Hapo ndipo Athumani, ambaye hakuulizwa, akafungua mdomo: "Mimi nilishamkataza vile vidude, shangazi. Lakini hasikii la mtu."

Nilimtazama. Yeye akatazama mkeka. Shangazi mkubwa uso ukambadilika, na simlaumu. Kutosikia hodi ni bahati mbaya, lakini mwanamke anayekatazwa na mchumba wake akakaidi ni habari nyingine. Akaniambia, "Basi mwanangu, utazileta hapa zikae kabatini kwangu. Siku utakayozileta, ndiyo tutakuja kwa mama yako tupange ndoa." Ningeweza kusema ukweli palepale. Lakini sikulelewa kumuumbua mwanamume mbele ya waliomlea.

Njiani akanibembeleza. Ati alitaka tu wasimwone amekaliwa na mwanamke. "Wape zikae huko. Tukishaoana nitakununulia nyingine." Mama naye kila jioni ananiambia, "Mwanangu, miaka thelathini na nne, uache nyumba yako kwa ajili ya vyuma vya masikio?" Inaniuma, kwa sababu najua amekwisha kuwaambia ndugu zake wote, na akiwa peke yake analia. Lakini mama, si vyuma. Nikizipeleka Kipini nitakuwa nimeukubali uongo kwa mikono yangu mwenyewe. Nitaingia kwenye ile nyumba nikijulikana kuwa mkaidi aliyetiwa adabu, na yeye mwanamume aliyenitia adabu. Na siku akihitaji uongo mwingine, atajua ni nani wa kumtwisha.

Kwa hiyo msijichoshe kuniandikia "wape tu dada, mume ni mume". Hilo nimeshaambiwa na wakubwa zenu. Hedfoni sizitoi, nimezitolea jasho na nitazivaa hata kama mji mzima utaniita Rubani mpaka nizeeke. Jumamosi hii shangazi wananingoja, na nitakwenda mikono mitupu. Ninachowauliza ni kimoja. Niwaambie mbele yake kwamba hajawahi kunikataza, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa akiziazima? Au ninyamaze tena, nikatae tu, ndoa ivunjike na lawama zote zibaki kwangu na kwa mama yangu? Nimemsitiri mara moja na hata asante sikuipata. Nyinyi mngemsitiri mara ya pili?